Nimeitazama filamu ya mapanki kwa mara ya kwanza: naomba maoni ya waliokuwepo Mwanza wakati ule

Mwenyeji wa Kirumba

Habari zenu ndugu, na shikamooni wakubwa wote mlio humu.

Jumapili iliyopita niliketi nyumbani nikaitazama, kuanzia mwanzo hadi mwisho, filamu ya Darwin's Nightmare ya mwongozaji Hubert Sauper wa Austria, ile iliyotoka mwaka 2004 na ambayo hapa kwetu inakumbukwa zaidi kwa jina la filamu ya mapanki, yaani mabaki ya samaki baada ya minofu kuchukuliwa. Ilipotoka nilikuwa darasa la pili. Ninachokumbuka ni kwamba mwaka 2006, mwaka ambao iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, watu wazima waliizungumzia kwa hasira. Rais Kikwete aliikemea hadharani, watu wakaandamana mjini, na mwandishi wa habari mmoja wa hapa aliyehojiwa ndani yake akaandamwa hadi uraia wake ukatiliwa shaka. Filamu yenyewe sikuiona, na ninaelezwa kwamba wengi wa walioandamana nao hawakuwa wameiona.

Kwa wasioijua, nitaieleza kwa kifupi. Ndege kubwa za mizigo aina ya Ilyushin, zenye marubani kutoka nchi zilizokuwa za Kisovieti, zinatua Mwanza, zinapakia minofu ya sangara wa Ziwa Victoria na kuipeleka Ulaya, huku mjini tukionyeshwa watoto wa mitaani wakivuta gundi, wasichana wanaowaburudisha marubani, mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale, na vichanja vya mifupa ya samaki inayoanikwa ikiwa imejaa funza. Swali linalorudiwa tena na tena ni hili: ndege hizi zinapokuja, huja na nini?

Maoni yangu, na nisahihishwe pale nitakapokosea, ni kwamba sikuona picha hata moja ya uongo. Bonde lile la uwanja wa ndege nalijua, mawe yale nayajua, na sauti za watu wale ni sauti za watu wetu. Tatizo langu liko kwenye viungo. Filamu haionyeshi hata sanduku moja la silaha likishushwa Mwanza. Inaonyesha ndege, kisha uso wa mtoto, kisha inanyamaza, nawe mtazamaji unajikuta umeshamaliza sentensi ambayo mwongozaji hakuitamka. Karibu na mwisho rubani mmoja anakiri kwa uchungu kwamba aliwahi kupeleka zana za kivita Angola, kisha akapakia zabibu Afrika Kusini kuzipeleka Ulaya. Ungamo hilo ni zito na sitalisahau, lakini ni ungamo la Angola. Limewekwa mahali ambapo mtazamaji wa Paris atalisikia kama la Mwanza.

Hapo ndipo penye swali langu. Nimekulia kwenye vibanda umiza vya Kirumba, nikitazama filamu kubwa za Marekani zilizowekewa sauti ya msimulizi wa Kiswahili aliyewabatiza mashujaa majina ya mitaani, akaongeza vichekesho vyake, na pengine akabadilisha kabisa kisa. Hatukumdai haki. Nilipoitazama Black Panther mwaka 2018 nilijua kuwa Wakanda haipo, nikacheka kuona nchi ya kubuni inayowekwa upande huu wa Afrika ikizungumza Kixhosa cha Afrika Kusini, nikaenda zangu kulala nikiwa nimefurahi. Je, ni haki kuisamehe filamu ya mamilioni ya dola inayobuni bara zima, kisha kuisulubisha filamu ya makala iliyopigwa na mtu mmoja mwenye kamera ndogo? Na ninyi mliokuwepo, mlipotazama au mliposimuliwa, ni kitu gani hasa kiliwaumiza?

MamaWaMwaloni

Marahaba mwanangu.

Mimi nilikaanga mapanki kwa miaka sita, kwa hiyo nadhani ninaruhusiwa kujibu. Kiwanda kikishamaliza kuchukua minofu, kilichobaki ni kichwa, uti wa mgongo, mkia na nyama kidogo iliyong'ang'ania mifupani. Hayo ndiyo mapanki. Lori lilikuja likichuruzika maji, nasi tulikuwa tumeshapanga ndoo zetu tangu alfajiri, kila mtu akiilinda ndoo yake kwa mguu. Aliyewahi alipata yale yenye vichwa vikubwa, na aliyechelewa alipata mikia. Nilikaanga kwenye karai lililokatwa kutoka kwenye pipa, na mafuta yalikuwa ya sangara mwenyewe, kwa sababu samaki huyo ukimtia motoni anajitolea mafuta. Wateja wangu walikuwa wapagazi, mafundi baiskeli, walimu wakati mshahara umechelewa, na askari mmoja ambaye alikuwa anatuma mtoto ili asionekane.

Unauliza kilichoniumiza. Filamu yenyewe niliiona miaka mingi baadaye kwenye simu ya mpwa wangu, vipande vipande. Wale funza ni kweli. Vichanja vile vilikuwepo, na harufu yake ilikuwa inakaa kwenye nywele. Lakini si kila papanki lilipita kwenye kichanja. Yangu yalitoka kwenye lori yakaingia kwenye karai siku hiyo hiyo, na kamera haikuja kwangu, labda kwa sababu moshi wangu ulikuwa wa kawaida tu. Mtu akitazama anaondoka akiamini kwamba Mwanza nzima ilikula vilivyooza.

Hata hivyo, na hili nataka liandikwe, kilichoniumiza zaidi kilitoka kwa watu wetu wenyewe. Filamu iliposhika kasi, wapo waliojitetea kwa kusema kwamba mapanki hayaliwi na watu, kwamba ni chakula cha kuku na nguruwe. Nilimsikia mtu akisema hivyo redioni nikiwa nimeshika koleo la kugeuzia, na wateja wanne wameketi kwenye benchi langu. Mmoja akauliza, "Sasa sisi ni kuku au ni nguruwe?" Tukacheka sana, lakini siku hiyo hakuna aliyeongeza sahani ya pili.

Mzungu alitupiga picha tukiwa na dhiki akaacha yaliyosalia. Wenzetu walitufuta kabisa. Mimi, kama ni lazima nichague, nilimkasirikia zaidi aliyenifuta.

Mhariri wa Nyegezi

Nawasalimu nyote, na ninamshukuru Mama kwa maelezo ambayo hayamo katika makala yoyote niliyowahi kusoma kuhusu filamu hiyo.

Mimi kazi yangu ni kupiga na kuhariri video, hasa harusi, mahafali, na pale riziki inapopatikana, filamu fupi za mashirika. Mleta mada amelitaja neno "viungo", na ningependa kulikazia, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba uongo wa filamu ya makala ni kuigiza jambo ambalo halikutokea. Uongo wa aina hiyo upo. Mwaka 1958 Disney ilitoa filamu ya wanyama wa nchi za baridi iitwayo White Wilderness, ikashinda Oscar, na ndani yake kuna panya wadogo wanaojirusha majini kana kwamba wanajiua kwa hiari. Baadaye ikabainika kwamba panya hao walinunuliwa, wakasafirishwa hadi mkoa mwingine wa Kanada ambako hawaishi, na wakasukumwa. Hadi leo ziko lugha ambazo watu wake hutumia panya hao kama mfano wa umati unaojiangamiza, na chimbuko moja la imani hiyo ni mpiga picha na ubao unaozunguka ambao panya hao waliwekwa juu yake.

Lakini uongo ninaoufahamu kutokana na kazi yangu ni mdogo kuliko huo na hauonekani. Miaka michache iliyopita nilipelekwa na shirika fulani, ambalo sitalitaja, kwenye kisiwa kimoja kupiga picha za watoto wa wavuvi. Tulimpata mvulana wa miaka tisa hivi, mchangamfu, anayejua kuhesabu makasia kwa Kikerewe na kwa Kiswahili. Alikuwa amevaa viatu vya michezo vya bluu, vipya, alivyoletewa na mjomba wake kutoka Musoma. Mratibu wa shirika akaniomba nimwambie avivue. Hakusema adanganye, hakusema alie. Ni viatu tu. Mtoto akavivua, akavishika mkononi, akaniuliza kama ninaogopa vitaibwa. Nikapiga picha, na malipo nikayapokea, na video ile nadhani ilichangisha fedha nzuri. Kila kilichoonekana kilikuwa kweli, maana mtoto alikuwa peku.

Kwa hiyo ninapoitazama filamu ya Sauper, siulizi kama mambo yake yalitokea. Yalitokea, na jamaa aliishi na watu wale kwa muda mrefu, tofauti na sisi tunaofika na boti ya asubuhi na kuondoka na ya jioni. Hata mwanahistoria wa Ufaransa aliyemshambulia kwa kudai kwamba aliwalipa watoto waigize alishtakiwa kwa kashfa na Sauper, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa Sauper ushindi. Ninachouliza ni viatu vingapi viliwekwa nje ya fremu. Mji uliokuwa unapanuka kila mwezi, wasichana waliokuwa wakijenga nyumba za matofali kwa ujira wa viwandani, hata karai la Mama, vyote ni viatu vya bluu.

Kuhusu kusamehe filamu kubwa za kubuni, nadhani mleta mada ameharakisha kidogo. Msimulizi wa kibanda umiza humdanganyi mtu naye hamdanganyi mtu, kwa sababu sote tumelipa kiingilio tukijua anachokifanya.

(Sentensi ya mwisho imejikanganya, nilimaanisha kwamba msimulizi hadanganyi na mtazamaji hadanganyiki.)

Mwalimu Mstaafu, Ukerewe

Ndugu zangu, niruhusuni nitofautiane na vijana wote wawili, maana ninaona mnazipa filamu za kubuni cheti cha usafi ambacho hazistahili.

Mwaka 1994, kuanzia mwezi wa tano hivi, miili ya waliouawa Rwanda ililetwa na Mto Kagera hadi ndani ya ziwa hili. Walioishi kando ya maji hawahitaji kukumbushwa. Kuna nyumba ambazo hazikugusa samaki kwa miezi kadhaa, na wavuvi walirudi na nyavu wasizotaka kuzifungua. Miaka 10 baadaye, mwaka ule ule wa 2004, ikatoka Hotel Rwanda, filamu nzuri kwa uigizaji, iliyopigwa kwa sehemu kubwa Afrika Kusini. Ulimwengu mzima ukajifunza mauaji yale kupitia meneja mmoja wa hoteli aliyeonyeshwa kama shujaa, na meneja huyo akapewa nishani nchini Marekani. Kumbe baadhi ya manusura waliokuwa ndani ya hoteli hiyo hiyo wana simulizi tofauti kabisa kumhusu. Yaliyofuata mnayajua: mwaka 2021 akahukumiwa Kigali miaka 25 kwa makosa ya ugaidi, katika kesi iliyolalamikiwa sana nje ya Rwanda, na mwaka 2023 akaachiwa. Mimi sina uwezo wa kuamua nani ni mkweli. Ninachokiona ni kwamba watu wa mbali walimtetea mhusika wa filamu, na watu wa karibu walimshtaki mtu mwenye jina hilo hilo, na pande hizo mbili hazikuwa zikizungumza habari ya mtu mmoja.

Filamu ya makala angalau hujitangaza kwamba inadai kusema kweli, nawe ukapata pa kuishikia. Filamu kubwa "inayotokana na kisa cha kweli" hushika faida za pande zote mbili. Ukiisifu, inasema ni kweli. Ukiihoji, inasema ni sanaa.

Wala msidhani filamu ya makala ikisifiwa na watu wema basi haina madhara. Hapa jirani zetu ni Serengeti. Filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, iliyotoka mwaka 1959 na kushinda Oscar, iliwafanya Wazungu waipende mbuga ile kuliko walivyowahi kupenda sehemu yoyote ya Tanganyika, na Michael mwenyewe alifia huko kwa ajali ya ndege kabla kazi haijakwisha. Sina neno baya juu ya kuhesabu nyumbu. Lakini mwaka huo huo wa 1959 ndipo Wamasai walipoondolewa ndani ya mipaka ya Serengeti, na mtazamaji wa Frankfurt aliyetokwa machozi kwa ajili ya pundamilia hakuondoka na swali lolote juu yao. Mbona hiyo hatukuiandamania? Nadhani ni kwa sababu ilitusifia. Filamu inayosema nchi yako ni nzuri na haina watu hukubalika upesi kuliko inayosema nchi yako ina watu na wana njaa.

Furu Mwekundu

Nitasema jambo moja tu, kwa kuwa nimesomea uvuvi na naona mjadala umehama majini.

Watu hubishania ndege na silaha, ilhali kosa la wazi zaidi katika filamu hiyo ni samaki mwenyewe. Sangara walipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakaongezeka ghafla miaka ya 1980, na furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili ambao inakadiriwa walikuwa zaidi ya spishi 500, wakapungua vibaya. Inadhaniwa karibu 200 zilitoweka. Hayo ni kweli. Lakini filamu inamfanya sangara kuwa jinamizi pekee. Maji yalikuwa yanachafuka kwa mbolea, udongo na maji taka, mwani ukaongezeka, hewa ikapungua kwenye kina, na furu wa kiume ambao huchaguliwa na majike kwa rangi zao wakaanza kutoonekana vizuri kwenye maji yenye ukungu. Tena baadhi ya furu wamerudi, hasa baada ya sangara wakubwa kuvuliwa kupita kiasi, na leo samaki anayevuliwa kwa uzito mkubwa kuliko wote ziwani si sangara, ni dagaa. Filamu ikitabiri mwisho wa dunia, haifai kutazamwa kama ramani miaka 20 baadaye.

Na kama kuna mtu anataka kupiga makala mpya, apige ya mabondo. Kile kifuko cha hewa cha sangara, ambacho Mama atakumbuka kilikuwa kikitupwa au kuuzwa kwa bei ya bure, sasa kinakwenda Uchina kwa bei inayozidi kwa mbali ile ya minofu.

Mwenyeji wa Kirumba

Nawashukuru sana.

Mwalimu, nakubali kwamba nilizisamehe filamu kubwa kwa urahisi mno. Nilipoandika nilikuwa nikifikiria Wakanda, ambayo haina wa kumuumiza, na sikufikiria zile zinazochukua jina la mtu aliye hai. Furu Mwekundu, lile la samaki sikulijua kabisa. Niliitazama filamu nzima nikidhani sehemu ya ziwa ndiyo sehemu isiyo na ubishi.

Pale ambapo bado sijabadilika ni kuhusu viungo. Sauper hakutaka kusema, alitaka nihisi. Ninaona ni heshima ndogo kwa mtazamaji, na ni heshima ndogo zaidi kwa Mwanza, kututuhumu kwa kunyamaza. Kama alikuwa na ushahidi wa silaha hapa, angeutoa. Kama hakuwa nao, angesema hakuupata, na filamu isingepungua nguvu hata kidogo, maana wale watoto na gundi yao walitosha kabisa.

Mama, nimeona kwamba uliitazama vipande vipande kwenye simu. Nina nakala nzima, na nina projekta ya kuazima kutoka kwa rafiki. Kama utaniruhusu, Jumamosi nije nayo hapo mwaloni jioni, niitundikie shuka ukutani, uitazame yote kisha uniambie nani unamfahamu.

MamaWaMwaloni

Njoo mwanangu, lakini usije kabla ya saa mbili, dagaa wanakuwa bado hawajaanuliwa na huo ukuta nimeuegemezea vichanja. Shuka ninalo. Wapo wawili ninaotaka kuwaona, yule mwanamke wa kichanja cha pili kutoka kushoto na kijana aliyebeba ndoo, kwa sababu kwenye simu nilidhani ni mdogo wangu, na mpwa wangu akasogeza mbele kabla sijahakikisha.